Anti, bosi anasema sisi wa uswahilini ndo tunawaletea mafua

Shikamoo anti. Naomba unisaidie mwanao, nimebanwa kila upande, na naandika haraka maana simu yenyewe ya mdogo wangu na bando linakata muda wowote.

Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Manzese, nimepanga chumba kimoja na tunalala watano humo ndani maana na mdogo wangu wa kike yupo, kaja mjini kutafuta maisha. Nafanya kazi za ndani za kutwa kwa mama mmoja Mikocheni, huu mwaka wa pili, nafua, napika, napiga pasi na mtoto wake akirudi shule mi ndo nakaa nae. Jumatatu mpaka Jumamosi, natoka kwangu bado giza, mwendokasi mpaka Morocco halafu daladala, kurudi ni saa mbili usiku. Analipa elfu nane kwa siku, anapiga hesabu Jumamosi anatuma kwa M-Pesa, siku ambayo hujaenda haipo kwenye hesabu.

Sasa wiki iliyopita Jumatatu gari la shule likamrudisha mtoto wa bosi saa nne asubuhi, anachemka, anakohoa, macho mekundu, hata kusimama hataki. Siku tatu zile mi ndo nilikuwa nae, namfuta makamasi, namlisha uji kwa kijiko, akitaka kulala ananilalia hapa kifuani. Jumatano usiku nipo kwenye mwendokasi narudi nikaanza kusikia baridi, mifupa yote inauma, nafika nyumbani hata kula sijala. Alhamisi nikameza panadol nikaenda hivyohivyo, ningefanyaje na hela ya wiki yote inategemea hapo. Ijumaa bosi akanisikia nakohoa jikoni, anti alinijia juu, "nyie mnaotoka uswahilini ndo mnatuletea haya magonjwa, mnabanana kwenye hayo magari yenu halafu mnakuja kukoholea chakula cha watu". Kanitengea kikombe na sahani kaviandika na maka peni, na kuanzia hapo nala kibarazani nyuma.

Jumapili mtoto wangu wa mwisho, ana mwaka na miezi saba, akaamka wa moto na kikohozi. Leo Jumatatu asubuhi bosi kapiga simu, kama bado unakohoa usije, ukipona ndo uje. Nikamuuliza na hela ya siku hizo? Akasema yeye sio bima yangu.

Anti, ni kweli sisi ndo tunawapelekea? Maana imeniingia moyoni mpaka naona aibu kupanda gari. Na mtoto nimfanyeje kwenye chumba hiki, dirisha ni moja na limetazamana na ukuta wa jirani, wakubwa bado wazima na sijui nitawaweka wapi. Na kazi je, niende nijikaze tu au nikae? Mwenye nyumba kodi anataka mwisho wa mwezi. Kuna majirani wameniambia ninunue amoksilini dukani nimpe mtoto, ni sahihi?

Mama watatu, Manzese

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, pole sana, pole na mtoto, pole na maneno uliyoambiwa. Hayo maneno nitayarudia maana yamenikera mpaka sasa hivi ninavyoandika, ila mtoto kwanza.

Mvue nguo nzito, mlaze au mpakate akiwa katulia, sio analia, sio ananyonya. Funua kifua, washa saa ya simu, hesabu anavyopumua dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Kwa umri wake, akifika mara 40 au zaidi kwa dakika huyo anapumua haraka kuliko kawaida na leo hii aonwe na mhudumu wa afya. Angalia pia chini ya mbavu, akivuta hewa pale panabonyea kwenda ndani? Anakataa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, kalegea hata ukimwita haamki vizuri, kapata degedege? Ukiona hata moja hapo usisubiri asubuhi wala usisubiri nani akushauri, mwamshe mdogo wako abaki na wakubwa, wewe chukua bodaboda uende hospitali usiku huohuo. Na hata kama dalili hizo huzioni, mtoto wa umri huo mwenye homa na kikohozi mpeleke zahanati ya serikali akasikilizwe kifua, sera yetu watoto chini ya miaka 5 wanatibiwa bure, ukiombwa hela ya kumuona uliza kwa adabu ni ya nini. Chukua na kadi yake ya kliniki, waangalie kama alimaliza ile chanjo ya kuzuia nimonia, tunaipata Tanzania tangu 2013 na mtoto anachomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hiyo haizuii mafua lakini inamkinga na nimonia moja mbaya ambayo hupenda kuingia mafua yakishampiga mtoto, na kwa watoto wengi hiyo nimonia ndo inayoua.

Amoksilini usimpe kwa kuambiwa na jirani. Mafua haya ni virusi na dawa hiyo virusi haivigusi, nesi akikuta nimonia atamwandikia mwenyewe kwa kipimo cha uzito wake. Homa mpe panadol ya maji ya watoto kwa kipimo, aspirini hapana kabisa. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida kama bado ananyonya, uji mwepesi, maji kidogokidogo.

Haya sasa tuje kwa bosi wako.

Chukua tu maelezo yako uliyoandika. Mtoto wake karudishwa shule Jumatatu anachemka. Homa ya mafua mtu akiambukizwa inachukua siku 1 mpaka 4 kuanza kuumwa, mara nyingi ni kama siku 2, na anayeumwa anaanza kuambukiza wengine tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya. Wewe umekaa nae siku tatu amekulalia kifuani na Jumatano usiku baridi likakuanza. Jumapili mwanao. Siwezi kuapa bila kipimo, ulipanda mwendokasi pia, lakini ukiniuliza mimi njia iliyo wazi kabisa hapo ni kutoka shuleni kwao, kuingia sebuleni kwao, kuja kwako, kufika Manzese. Watoto wa shule, za kulipia na za bure, ndo wanaosambaza sana mafua mjini maana wanabaki na virusi siku nyingi kuliko watu wazima na wanakaa karibukaribu. Kwa hiyo hiyo aibu ya kupanda gari iweke chini mwanangu, sio yako.

Na maneno ya "nyie wa uswahilini mnatuletea" hayajaanza na yeye. Ule uwazi wa Mnazi Mmoja unaoupita ukienda Kariakoo, wakoloni waliuacha makusudi kutenganisha makazi ya Waafrika na upande wa Wahindi na Wazungu, na hoja waliyotoa ilikuwa afya, eti magonjwa yasivuke. Halafu kila asubuhi wapishi, mayaya na madobi walivuka palepale kwenda kuwahudumia, na jioni wakarudi. Uwazi hauwezi kuzuia ugonjwa kama maisha ya upande mmoja yanategemea mikono ya upande wa pili. Mikocheni na Manzese ni hivyohivyo mpaka leo, watu wenyewe ni walewale wanaovuka, tofauti ni mtu akishaugua anarudi kulala wapi na kesho yake anaruhusiwa kupumzika au la.

Hapo ndo penye kiini na nataka wasomaji wote wapaelewe. Mafua makubwa ya 1918 yalipopita Bombay huko India, waliokufa kati ya Wazungu wa mji ule walikuwa kama 8 kwa kila watu 1,000, kati ya Wahindu wa tabaka la chini walizidi 60. Mji mmoja, mwaka mmoja, ugonjwa mmoja. Utasema zamani hiyo, haya, njoo 2009 mafua ya H1N1, Uingereza, nchi ambayo hospitali ni bure, wakaja kuhesabu wakakuta kwenye maeneo maskini kabisa waliokufa kwa mafua yale walikuwa mara 3 ya wale wa maeneo yenye nafuu kabisa. Sio kwamba maskini ana damu tofauti. Analala chumba kimoja na watu watano, anabanwa kwenye basi saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, anapikia mkaa mlangoni mvua ikinyesha na moshi wote unaingia kwenye vifua vya watoto, ana presha au pumu ambayo haijatibiwa vizuri, anachelewa hospitali kwa sababu anapiga hesabu ya nauli. Na kubwa kuliko zote kwa maoni yangu, hawezi kukaa nyumbani siku anayoambukiza zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni zile siku tatu nne za mwanzo, akikaa watoto hawali.

Wewe mwenyewe Alhamisi na Ijumaa ulikuwa ndo umeiva kwa kuambukiza, na ulikuwa kwenye mwendokasi na jikoni kwa watu. Sikulaumu hata chembe, ulilazimishwa na elfu nane. Marekani miji kama San Francisco ilianza mwaka 2007 kulazimisha waajiri walipe siku za ugonjwa, na baadaye watafiti walipolinganisha miji yenye sheria hiyo na isiyo nayo walikuta magonjwa ya namna ya mafua yanashuka pale wafanyakazi wanapopata hiyo haki. Yaani hela ya siku mbili tatu za dada wa kazi inawakinga na watu wengine wote ndani ya lile basi, ambao hawamjui wala hawatamjua. Bosi wako angekwambia Alhamisi ile "kalale, hela yako ipo" usingelazimika kupanda lile basi ukiwa unaambukiza, na hapo nazungumza kwa uchungu kabisa.

Chumba sasa. Sitakwambia mtenge mgonjwa chumba chake maana chumba chake kiko wapi. Fanya unachoweza, na kipo. Hilo dirisha hata kama linatazama ukuta lifungue, toa pazia zito weka kitenge chepesi au neti ya mbu, na mlango wa chumba uwe wazi mchana kutwa hewa ipite kutoka dirishani mpaka koridoni, hata robo saa kabla ya kulala inasaidia. Usiku wewe na mtoto mgonjwa mlale upande wa dirishani, wakubwa wawili na mamdogo wao upande wa mlangoni, na kama godoro ni moja basi mlale mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, pumzi zisikutane uso kwa uso. Mchana watoto wakubwa wacheze nje uani wasijifungie na mgonjwa. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata mvua ije, pikia kibarazani, omba nafasi kwa jirani. Kikombe chake kisitumiwe na mwingine mpaka kioshwe kwa sabuni, kuosha kwa sabuni ya kawaida tu kunatosha, hakuna haja ya kuandika na maka peni. Nawa mikono kila ukimfuta makamasi, kitambaa cha kumfutia kifuliwe na kuanikwa juani. Wewe unayekohoa vaa barakoa ukiwa unampakata, na ukipanda gari vaa, na madirisha ya daladala mfungue hata konda akinung'unika. Kama kuna mjamzito, mzee au mwenye pumu kwenye nyumba hiyo ya kupanga mjulishe mapema asije kukaa humo chumbani kukupa pole, hao mafua yanawaelemea vibaya.

Chanjo ya mafua ipo duniani, lakini kwenye ratiba yetu ya chanjo za bure haimo, ni mpaka hospitali binafsi kwa hela yako. Hiyo nayo ni sehemu ya hadithi ileile, mtoto wa bosi anaweza akachanjwa na wako akabaki.

Kazini usiende mpaka homa iwe imeondoka saa 24 bila kumeza panadol. Lakini usikae kimya ukasubiri huruma. Kesho ukimpeleka mtoto zahanati na wewe jiandikishe uonwe, omba ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazini, siku watakazokupa ziandikwe na zigongwe muhuri. Watu wengi wanafikiri mfanyakazi wa ndani sheria haimhusu, inamhusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi aliyezidi miezi sita kazini likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara, sharti kuu ni hicho cheti cha daktari. Na kusema eti wewe ni wa kutwa huna mkataba hakumsaidii sana, sheria inamchukulia kuwa mwajiriwa hata mtu aliyefanyia kazi mtu mmoja wastani wa saa 45 tu kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita, wewe saa hizo unazimaliza ndani ya wiki.

Usimpigie simu maana kwenye simu atapanda juu na wewe utalia. Mtumie meseji, hata ukiinakili hii:

"Shikamoo mama. Nilianza kuumwa Jumatano usiku baada ya kumuuguza mtoto. Leo nimeenda zahanati na mwanangu, nimepewa ED, picha yake hiyo. Nakaa nyumbani kama ulivyosema ili nisiambukize mtu hapo kwako, nitarudi siku ED inapoisha. Naomba siku hizo zihesabiwe na malipo, ndo sheria inavyosema kwa mfanyakazi mwenye ED. Asante mama."

Ya heshima, fupi, na imeandikwa. Kuhusu sahani na kibaraza usiyaweke humo, hayo utayasema mdomo kwa mdomo siku akiwa ametulia kama utajisikia kuyasema, na ukiamua kuyaacha pia sitakuona mnyonge, unajua mwenyewe unavyomjua.

Na nyie mabosi mnaosoma hapa, najua mpo wengi na wengi wenu nyie wenyewe mmeajiriwa na ofisi zenu zinawalipa mkiugua. Dada anakaa na mwanao saa kumi na mbili kwa siku. Mwanao akiumwa anamuuguza yeye. Mkilipa hizo siku tatu hamjatoa sadaka, mmelipa deni. Mwambieni mapema kabisa, kabla hajaugua, kwamba siku ya homa asije na hela yake iko palepale, maana asipoambiwa ataendelea kumeza panadol mlangoni kwenu na kuingia jikoni anatabasamu. Mkiweza mruhusuni aje saa tatu asubuhi badala ya kumi na mbili wakati mafua yamechachamaa, foleni ya kupanda gari inakuwa imepungua. Na mtoto wenu akiwa anachemka msimpeleke shule kwa sababu mna kikao, darasa zima litarudi nayo majumbani na wadada wengine ndo watauguza.

Mwanangu, akikataa kulipa au akikuachisha kwa ajili ya hili usiondoke na kilio tu. Kuna CHODAWU, chama cha wafanyakazi ambacho kinachukua wa majumbani pia, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kufungua shauri mwenyewe unaweza bila wakili. Shauri la kuachishwa kazi isivyo haki una siku 30 tu tangu ulipoachishwa, madai mengine kama hela ya siku za ugonjwa ni siku 60, zikipita unaanza kuomba msamaha wa kuchelewa na ni usumbufu. Kwa hiyo leo hii kabla bando halijaisha chukua simu yako iliyokuwa inapokea malipo, meseji zote za M-Pesa za kila Jumamosi usifute hata moja, zipige picha umtumie na mdogo wako azihifadhi, mwaka na zaidi wa malipo kutoka namba ileile kila wiki ni ushahidi mzuri kwamba umeajiriwa hata kama hujawahi kusaini karatasi.